Tusiilaumu Stima Kabla ya Kufungua Boksi

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tatu

Ndugu msomaji, muhula wa pili uliopita nilifiwa mara mbili katika juma moja. Usishtuke, si watu waliokufa. Jumamosi usiku ilikufa inveta ya nyumbani kwetu, na Alhamisi iliyofuata ikafa ile ya chumba cha kompyuta hapa shuleni, ndugu zetu wa Kidato cha Nne wakiwa katikati ya kazi yao ya mradi. Kote kuwili hukumu ilitolewa papo hapo kabla ya skrubu hata moja kufunguliwa. Nyumbani jirani alisema, "Ni stima hiyo, iliruka." Shuleni nako tukaambiwa, "Ni stima." Kesi ikafungwa, maiti ikatupwa stoo.

Wakati ule nami niliamini hivyo hivyo. Siku hizi siamini, na ndiyo sababu nimemwomba mhariri anipe nafasi katika jarida letu. Maoni yangu ni kuwa stima husingiziwa mara nyingi. Vyombo hivi huuawa polepole na joto, vumbi, chumvi na mzigo usio kiasi chake, na huanza kufa miezi mingi kabla ya siku tunayosikia mlio. Tena ndani ya boksi kuna sehemu chache tu ambazo hutangulia kufa, na zinajulikana. Anayetengeneza anazijua. Fundi anazijua. Sisi tunaotoa pesa ndio hatuambiwi.

Nianze na ya nyumbani, maana ndiyo iliyoniuma. Mamangu ni muuzaji wa samaki. Alfajiri huwa ufuoni kungoja mashua, na ikifika saa mbili amerudi na changu, tafi, siku nyingine nguru au ngisi. Wanaobaki bila kununuliwa huwekwa kwenye friza. Stima mtaani kwetu hupotea bila kupiga hodi, kwa hiyo alichukua mkopo wa chama akanunua betri pamoja na inveta iliyoandikwa ubavuni kwa herufi kubwa: 2000W. Friza yenyewe haifiki hata wati 200. Nani angedhani kuna hatari?

Jumamosi hiyo stima ilipotea saa tatu usiku. Inveta ikashika, taa ikawaka, tukaendelea na ugali wetu. Baada ya robo saa hivi tulisikia mlio kama wa kofi, kisha harufu kali iliyotutoa nje sote. Jumapili asubuhi mama alikaanga samaki aliowahi na kuwauza kwa bei ya kutupa. Stima iliporudi Jumatatu, wale waliosalia walikuwa hawafai hata kwa paka, tukawafukia nyuma ya nyumba. Mkopo wa chama ulikuwa bado haujaisha. Wale mlioniona nikibaki darasani wakati wa chakula cha mchana mkadhani najidai kusoma, basi sababu mnaijua leo. Pesa za chakula zilikwenda na samaki.

Mama aliirudisha ile inveta dukani. Duka hilo silitaji. Dhamana ilikuwa ya mwaka mmoja nayo inveta ilikuwa na miezi kumi na sita, kwa hivyo hatukuwa na haki ya kudai, hilo nakubali. Lakini muuzaji aliongeza lake: "Mama, hata ingekuwa ndani ya mwaka, dhamana haishiki stima mbaya." Nikamwuliza, "Umejuaje kuwa ni stima na hujaifungua?" Akanitazama vile wakubwa humtazama mtoto anayeingilia maneno yao. Tukaondoka.

Njiani ndipo nilipozindukana. Inveta ilipokufa stima haikuwapo kabisa! Ilikuwa imepotea robo saa nzima. Je, mtu anawezaje kuuawa na mtu ambaye hata nyumbani hakuwapo?

Swali hilo ndilo lililonipeleka kwa fundi wa redio wa mtaa wetu. Kibanda chake kimejaa televisheni zilizopasuliwa matumbo na wateja wasiolipa. Nilimwamkia, naye akaniitikia, "Marahaba, mwanangu. Umeniletea mgonjwa au maiti?" Nikamwambia sijui, nataka kujua aliyemuua. Akacheka. Kabla ya kugusa chochote alichukua balbu ndogo yenye nyaya mbili akaigusisha mahali fulani ndani ya boksi. Aliniambia kuwa chombo hiki hata kikichomolewa huweza kubaki na umeme wa kumwua mtu, kwa hiyo asiye fundi asithubutu kutia mkono. Nami nakuomba msomaji, ninaposema tufungue boksi sina maana uchukue kisu cha jikoni leo usiku. Mpelekee anayejua, ukae kando utazame.

Sasa inveta ni nini hasa? Umeme wa betri huenda upande mmoja tu. Umeme wa ukutani huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, nao hapa kwetu ni volti 240. Inveta huchukua ule wa betri ya volti 12 na kuugeuza ufanane na wa ukutani. Chaja ya simu hufanya kinyume chake: huchukua volti 240 na kukupa 5. Televisheni, kompyuta, hata balbu za kisasa za kuokoa umeme, zote zina kigeuzi cha namna hii tumboni. Kwa hivyo, ndugu msomaji, ukifikiri haya hayakuhusu kwa kuwa kwenu hamna inveta, hebu hesabu chaja ngapi zimekufa mkononi mwako tangu uanze Kidato cha Kwanza.

Kazi ya kugeuza hufanywa na tranzista. Hizi ni swichi zisizo na kidole: hufunguka na kufunga maelfu kwa maelfu ya mara katika sekunde moja. Zinapofanya hivyo umeme huja kwa kurukaruka, kwa hiyo huwekwa kapasita za kuutuliza. Kapasita ni kijikopo cha aluminiamu mfano wa betri ya tochi, na ndani yake mna karatasi iliyokunjwa na kuloweshwa majimaji maalumu. Fundi alinifananishia na pipa la maji la uani. Bomba likitoa kwa kwikwi, pipa hujaa taratibu, na anayechota hachoti kwikwi, huchota maji yaliyotulia.

Alipolifungua boksi letu, hata mimi nisiye fundi niliona. Vikopo vitatu vilikuwa vimevimba vichwa kama mandazi. Tranzista nne kati ya nane zilikuwa zimeungua. Feni ilikuwa imekwama kwa vumbi lililochanganyika na unyevunyevu wa chumvi, ukaisukuma kwa kidole haizunguki. Akauliza, "Mliiweka wapi?" Nikaona haya kumjibu. Tuliiweka nyuma ya friza, pale panapotoka joto la friza yenyewe, na juu yake mama alikuwa ametandika kitambaa kizuri cha kudarizi ili isiingie vumbi.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Fundi alinieleza mauaji yalivyotokea hatua kwa hatua. Feni ilikwama kwanza, pengine miezi mingi nyuma, wala hatukujua maana nani husikiliza feni. Joto likapanda. Yale majimaji ndani ya kapasita yakaanza kukauka. Kapasita iliyokauka ni pipa lililotoboka: haitulizi tena umeme, na hali hiyo yenyewe huifanya izidi kupata moto, ikakauka zaidi. Umeme ukaanza kuzipiga tranzista kwa mirukoruko ambayo hazikuumbiwa. Usiku ule mota ya friza ilipotaka kuwaka, tranzista moja ikashindwa. Na tranzista ya namna hii ikifa mara nyingi haikatiki, bali huunganika kabisa kama waya, mkondo wote wa betri ukapita kwa fujo na kuzibeba jirani zake. Hapo ndipo tuliposikia kofi. Kwa hiyo kifo tulichokisikia kwa sekunde moja kilikuwa kimechukua karibu mwaka.

Hapa naomba tutoe kalamu na karatasi. Ubavuni mwa zile kapasita paliandikwa nyuzi 85. Mimi nilidhani ni namba tu za kiwandani, kumbe ndizo habari zote. Kapasita ya kawaida hutengenezwa idumu saa kama 2,000 ikiwa kwenye joto lililoandikwa ubavuni mwake. Saa 2,000 ni siku 83 tu! Ila mainjinia hufuata kanuni moja nyepesi: joto likipungua kwa nyuzi 10, maisha yake huwa maradufu. Basi kapasita ya nyuzi 85 ikikaa kwenye joto la nyuzi 75 itadumu saa 4,000, yaani miezi mitano na nusu. Kwenye nyuzi 65 itadumu saa 8,000, miezi kumi na moja hivi. Kwenye nyuzi 55 ni saa 16,000, karibu miezi ishirini na miwili. Si kwamba saa hizo zikitimia inapasuka. Hudhoofika tu, ikawa inangoja sababu.

Inveta ya mama ilikuwa ikiwaka mchana na usiku, maana hata stima ikiwapo ndiyo inayochaji betri. Iliishi miezi kumi na sita. Fanya hesabu mwenyewe ujue mle ndani mlikuwa na joto gani. Mimi nilipata nyuzi 60.

Kuna kapasita nyingine zenye umbo lile lile zilizoandikwa 105. Kwa kanuni ile ile, kama nayo imepewa saa 2,000, kwenye joto la nyuzi 65 itadumu saa 32,000, ambayo ni zaidi ya miaka mitatu na nusu. Mara nne ya mwenzake! Na tofauti ya bei kati ya kijikopo na kijikopo ni shilingi chache. Fundi alininunulisha za 105 zote, na jumla yake haikufika bei ya kilo moja ya nguru. Ama kweli nilikasirika. Mtu alikaa mahali akaamua kuokoa shilingi chache, sisi tukafukia samaki.

Najua kuna watakaoruka hapa na kusema, "Si ndiyo hayo tunayosema, vitu vya siku hizi ni feki!" Hoja hii ina ukweli lakini haitoshi, tena naiona ni ndugu yake ile ya kulaumu stima. Ukishasema feki umemaliza, hutafuti tena. Hebu tazama mambo yaliyowafika wakubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kompyuta nyingi duniani zilianza kufa kwa sababu ya kapasita zenye majimaji mabovu, zilizotoa gesi ndani, zikavimba na kuvuja. Kompyuta za Dell aina ya OptiPlex zilizouzwa kati ya 2003 na 2005 zilikuwa miongoni mwao, na mwaka 2005 kampuni hiyo ililazimika kutenga dola milioni 300 hivi kwa ajili ya matengenezo. Dell si kampuni ya uchochoroni. Mwezi wa Februari 2014 nao Toyota walitangaza kuyarudisha gereji magari milioni 1.9 aina ya Prius kote duniani. Gari hilo huendeshwa kwa petroli na umeme, na ndani yake mna kigeuzi kinachopandisha volti za betri kabla ya kwenda kwenye mota. Ilionekana kuwa dereva akikanyaga sana mafuta, tranzista za kigeuzi hicho hupata joto la kupita kiasi na huweza kuharibika, gari likapunguza mwendo au hata kusimama njiani. Walibadilisha programu inayoziongoza, bila kumtoza mwenye gari chochote. Mwaka 2018 wakayaita tena magari ya namna hiyo yapatayo milioni 2.4 kwa kuwa dawa ya kwanza haikutosha.

Kwa hivyo kuharibika si aibu. Kila kigeuzi kina sehemu itakayotangulia kufa. Linalonihusu mimi ni kama mwenyewe atasema au atanyamaza. Toyota walisema. Kuhusu Dell, karatasi za mahakamani zilizofunguliwa mwaka 2010 zilionyesha kuwa wafanyakazi walishauriwa wasiwaeleze wateja wazi juu ya tatizo hilo. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kiliumbua kweli, maana mpaka leo hadithi hiyo inasimuliwa.

Nirudi kwenye zile wati 2000, kwa sababu hapa ndipo watu wengi hudanganyika. Mara nyingi namba kubwa inayopambwa kwenye boksi ni ile ambayo inveta huweza kuibeba kwa nukta chache tu. Ile ambayo huweza kuibeba saa nzima ni ndogo zaidi, huandikwa ndani ya kitabu kwa herufi za kutafutia miwani. Ya kwetu ilikuwa 1000. Sasa, mota ya friza inapoanza kuzunguka hudai mkondo mara tano au zaidi ya ule wa kawaida. Friza ya wati 150, kwa hesabu hiyo, inapowaka huwa kama wati 750. Ongeza taa, televisheni na pasi ya dadangu. Simtaji kwa ubaya, alikuwa anapiga pasi sare yangu.

Tena kuna jambo ambalo sisi wa Kidato cha Tatu tumelisoma mwaka huu katika Fizikia, tukalifanyia mtihani, kisha tukalisahau. Ukitaka wati 1000 kutoka betri ya volti 12, mkondo ni ampia 83. Betri ikichoka ikashuka hadi volti 10.5, wati zile zile zinadai ampia 95. Joto katika waya hufuata mkondo mara mkondo, kwa hiyo joto limeongezeka kwa karibu asilimia 31 bila wewe kuongeza hata balbu moja. Yaani betri mbovu huichoma inveta nzima. Nilipomweleza mwalimu wetu wa Fizikia alifurahi, halafu akaniuliza mbona katika mtihani hesabu kama hiyo niliikosa. Sikuwa na jibu.

Adui mwingine ni lehemu, ile inayoshika sehemu kwenye ubao. Chombo kikiwaka hupata joto, kikizimwa hupoa. Kila kitu kikipata moto hutanuka, lakini si kwa kiasi kimoja. Aluminiamu hutanuka karibu mara tisa kuliko silikoni ambayo tranzista imetengenezwa kwayo. Wanavutana, wanaachana, wanavutana tena, siku baada ya siku. Umewahi kukunja waya huku na huku mpaka ukakatika? Ndivyo. Kwa hiyo hata chombo kisichopata joto jingi huweza kufa kwa kuwashwa na kuzimwa tu, na sisi kwetu stima hupotea na kurudi kila mara. Hapo, nakiri, stima ina dhambi yake. Na ikirudi kwa kishindo huweza kweli kuchoma chaja. Mimi sikusema stima ni malaika. Nasema isihukumiwe peke yake.

Sasa tuje shuleni, na naomba walimu wanisamehe, nasema kwa heshima. Inveta ya chumba cha kompyuta hukaa ndani ya kabati la chuma lenye kufuli. Naelewa sababu, wezi ni wengi. Baada ya kutengenezwa ilirudishwa mle mle. Niliomba kipimajoto cha maabara nikakiweka ndani ya kabati, na kingine mezani. Saa nane mchana kile cha mezani kilisoma nyuzi 32. Cha kabatini kilisoma 47. Tofauti ya nyuzi 15! Kwa kanuni ile ya kapasita, kabati hilo limekata maisha yake yawe karibu theluthi moja. Tunaikinga na mwizi anayeweza kuja mara moja, tunaikabidhi kwa mwizi anayekuja kila siku. Nilipendekeza lile kabati likatwe mlango, watie wavu wa chuma. Fundi wa kuchomelea tunaye, babake mmoja wetu. Naambiwa jambo hilo liko kwenye kamati. Limekaa huko tangu mwezi wa saba.

Mtu atasema nchi maskini haiwezi kuwa na vigeuzi vya kutegemewa. La hasha! Kule Suswa, kaunti ya Narok, kuna kituo kikubwa cha kugeuza umeme ambacho tangu mwaka 2022 hupokea umeme kutoka Ethiopia kwa njia ndefu ya kilomita 1,045 hivi, yenye volti 500,000. Umeme huo husafiri ukielekea upande mmoja kama wa betri, ukifika Suswa hugeuzwa uwe wa kwenda na kurudi. Kwa lugha ya mtaani hiyo ni inveta, ila kubwa kupindukia. Katika vituo vya namna hiyo swichi hupangwa nyingi kwa mfululizo, na huwekwa za ziada makusudi, ili moja ikifa nyingine zibebe mzigo na kazi isisimame. Aliyeijenga alikubali tangu mwanzo kuwa kuna sehemu zitakufa, akapanga. Sisi hupanga baada ya mazishi.

Bila shaka kuna mwanachama ambaye tangu mwanzo anajiuliza haya yana uhusiano gani na Chama cha Kiswahili. Nilikuwa nakungoja, rafiki yangu. Ile inveta ya mama ilikuja na kitabu cha kurasa kumi na mbili. Nilikisoma chote baada ya msiba. Ukurasa wa pili kimeandika wazi kuwa chombo kisifunikwe, kiachiwe nafasi pande zote, kisiwekwe karibu na kitu chenye joto, na feni ikaguliwe. Kila kosa tulilofanya lilikuwa limekatazwa. Lakini kimeandikwa Kiingereza na Kichina. Mamangu alisoma mpaka darasa la saba, husoma Kiswahili vizuri sana, gazeti humaliza mpaka matangazo ya vifo. Angeusoma ukurasa ule kwa Kiswahili, kile kitambaa cha kudarizi kisingelala juu ya inveta hata siku moja. Kwa hivyo nani aliyewaua samaki wetu? Katika orodha ya washukiwa mimi naitia na lugha.

Kila mwaka katika jarida hili tunaandika jinsi Kiswahili kinavyodharauliwa, kwamba wanafunzi wanapenda sheng, kwamba Kiswahili kinaweza kufundishia sayansi. Basi tukifanyie kazi. Napendekeza muhula ujao chama chetu kiandike ukurasa mmoja tu wa Kiswahili chepesi: namna ya kuweka inveta, namna ya kusikiliza feni, maswali ya kumwuliza muuzaji kabla ya kutoa pesa. Nimeshaanza nao. Muuzaji aulizwe wati za kubeba mfululizo ni ngapi, si zile za kwenye picha. Aulizwe kapasita ni za nyuzi 85 au 105. Aulizwe spea zake zinapatikana wapi, na kama dhamana inahusu kapasita na tranzista au ni ya boksi tupu. Akikosa majibu, mnunuzi aende duka la pili. Wauzaji wakiulizwa na watu ishirini, wataanza kuwauliza wanaowaletea mizigo.

Katika kuandika nimegundua kuwa maneno si shida kama tunavyodhani. Mafundi wana maneno yao: kapasita imevimba, tranzista imekufa, saketi imeshoti, lehemu imeachia. Hatuna haja ya kukaa mezani tukibuni msamiati mgumu ambao mama yangu hataujua. Tuyachukue ya kwao.

Jambo la pili ninaloomba ni daftari. Katika chumba cha kompyuta liwekwe daftari moja la kuandikia kila kilichoharibika: tarehe, kilikuwa na umri gani, kilikuwa kikifanya nini, na fundi alikuta nini ndani. Siyo kuandika "stima" halafu sahihi. Mimi nimeanza langu nyumbani, na katika miezi minne lina kumbukumbu tisa kutoka kwa majirani. Chaja nne, balbu tatu, redio moja na televisheni moja. Katika hizo tisa fundi alikuta kapasita iliyovimba au kukauka mara tano. Lehemu iliyoachia mara mbili. Moja alishindwa kujua. Na moja, naam, ilikuwa stima kweli, usiku ule radi ilipopiga mnazi wa jirani.

Inveta yetu ilipona. Fundi alibadilisha kapasita, tranzista zote nane na feni, akataka alipwe nusu kwanza, na nusu ya pili mama anaimalizia kwa samaki. Sasa iko ukutani upande wa dirisha, mbali na friza, bila kitambaa. Kila mwisho wa mwezi naichomoa, naisubiri ipoe, napangusa matundu ya feni kwa brashi kavu ya rangi. Pasi imepigwa marufuku, dada amenuna.

Mama bado hajaiamini. Kila usiku kabla ya kulala huweka kiganja ubavuni mwake kama anayempima mtoto homa, na akiona imezidi huniita hata kama nimeshalala: "We, amka, njoo umtazame mgonjwa wako."